Sadaka ya Ndege wa Kuiba: Maisha ya Kanali Meinertzhagen

Wiki tatu zilizopita nilikuwa nchi ya majani chai. Shemeji yangu, kaka yake mke wangu, ni mwalimu upande wa Bomet, na alikuwa akimuoza binti yake wa kwanza. Tulipanda basi la usiku kutoka Mombasa, tukabadilisha Nairobi, na adhuhuri tukawa Kericho tumejifunga makoti na mitandio kama watu waliokwenda Ulaya. Sisi watu wa pwani tukifika kule, la kwanza ni kulalamikia baridi. La pili ni kunyamaza, maana zile bustani za chai zimetandikwa juu ya vilima kama zulia, kijani kitupu mpaka jicho linachoka.

Siku ya pili, mzee mmoja jirani yake shemeji, Mkipsigis aliyestaafu kazi ya chai, alinichukua tukateremka bondeni kwenye kinamasi. Alitaka kunionyesha kitu. Tukasimama kimya kidogo, kisha nikawaona: korongo wawili wenye taji la dhahabu kichwani, wale waliomo kwenye bendera ya Uganda, wanatembea kwenye majani marefu kwa madaha kama bwana na bibi harusi. Mzee akanieleza kwamba utotoni mwake walikuwa makundi kwa makundi. Vinamasi vimekaushwa, vikapandwa mahindi na mikalatusi, na korongo hana tena pa kutagia. Tangu 2012 ndege huyu yumo katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Mzee na vijana wachache wa kijiji huchanga pesa kidogo kila mwezi kumpoza mwenye shamba asilime pale wakati wa mayai.

Nikamwambia ni sadaka njema. Akacheka, akaelekeza kidole upande wa kaskazini, ng'ambo ya bonde la Nyando, kwa ndugu zao Wanandi. Akasema kule aliwahi kuishi Mzungu mmoja aliyewapenda ndege kuliko watu, na aliyetoa zawadi ya ndege kubwa kupita zote. Akalitaja jina: Meinertzhagen. Nami nikashtuka, si kwa sababu ya historia peke yake, bali kwa jambo lililokuwa likininyima usingizi nyumbani.

Jambo lenyewe ni hili. Mtaani kwetu tuna kamati ndogo ya kulinda mikoko na ndege wa mkono wa bahari ulio nyuma ya nyumba zetu. Mimi ni katibu. Mwaka huu tajiri mmoja, ambaye simtaji, ametuletea salamu kwamba yuko tayari kutoa fedha nyingi, za kutosha miche ya mikoko na posho ya walinzi kwa miaka mitatu. Sharti lake ni bango lenye jina lake na picha za kutosha. Tatizo letu ni kwamba pale alipojenga yeye palikuwa na mikoko, na ndege wengi walikuwa wakilala pale pale. Ushahidi wa kupeleka mahakamani hatuna. Macho tunayo. Kamati imegawanyika nusu kwa nusu: hawa wanasema pesa haina harufu, wale wanasema inayo.

Niliporudi nikayasoma upya maisha ya Meinertzhagen, na leo nataka nikusimulie, kisha uniambie nusu ipi ina haki.

Richard Meinertzhagen alizaliwa London tarehe 3 Machi 1878, katika familia ya mabenki yenye mali na jina. Walikuwa watoto kumi. Mama mdogo wake alikuwa Beatrice Webb, mwanamke mashuhuri katika siasa za Uingereza. Alilelewa katika jumba kubwa la mashambani liitwalo Mottisfont, lililozungukwa na mto na miti, na huko yeye na kaka yake Daniel wakashikwa na mapenzi ya ndege. Daniel alikuwa mchoraji hodari wa ndege, lakini alikufa kijana mwaka 1898. Richard akabaki na mapenzi yale peke yake. Hakuna anayebisha kwamba aliwajua ndege. Hilo tumpe haki yake tangu mwanzo.

Baba alitaka aingie benki. Yeye akaingia jeshi, akapelekwa India, na mwaka 1902 akashuka Mombasa kujiunga na kikosi cha King's African Rifles, maarufu kama KAR. Reli ilikuwa imefika Kisumu mwishoni mwa 1901, na serikali ya kikoloni ilitaka watu wa kando ya reli watulie. Katika miaka ile aliandika shajara, iliyokuja kutolewa kama kitabu mwaka 1957. Humo anahesabu wanyama aliowapiga risasi na watu aliowaua kwa namna inayofanana. Ni yeye aliyepeleka London vielelezo vya nguruwe mkubwa wa msituni, na wanasayansi wakampa mnyama yule jina la Meinertzhagen mwaka 1904. Hata leo, katika vitabu vya elimu ya wanyama, nguruwe yule wa misitu yetu anabeba jina lake.

Wanandi walikuwa wameipinga reli na utawala wa Waingereza kwa miaka kumi. Kiongozi wao wa kiroho, Orkoiyot, alikuwa Koitalel arap Samoei. Tarehe 19 Oktoba 1905 Koitalel aliitwa kwenye mkutano wa suluhu karibu na mahali panapoitwa leo Nandi Hills. Meinertzhagen alikwenda na askari wake. Koitalel hakurudi nyumbani. Alipigwa risasi na kuuawa pamoja na wenzake kadhaa. Meinertzhagen alidai kwamba alikuwa ametegewa mtego na akawahi. Wanandi wanasimulia mpaka leo kwamba mzee wao alinyoosha mkono wa salamu. Zilifanyika tume tatu za uchunguzi. Akasafishwa, lakini mwaka 1906 akaondolewa Kenya kimyakimya.

Koitalel alipouawa, Meinertzhagen alichukua fimbo zake za uongozi akaenda nazo Uingereza. Zilikaa katika familia yake karne nzima, mpaka 2006 ziliporudishwa Kenya, na sasa Nandi Hills kuna makumbusho yenye jina la Koitalel. Mzee wa kinamasini analijua hili vizuri, kwa sababu ukoo wa Koitalel, Watalai, haukuishia Nandi. Ndugu yake, Kipchomber arap Koilegen, alikuwa kiongozi kwa Wakipsigis wa Kericho, naye Waingereza wakamhamisha kwa nguvu. Mwaka 1934 ikatungwa sheria maalumu ya kuwaondoa Watalai wote Kericho na Bomet na kuwatupa Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria, penye mbung'o na malaria. Ndiyo maana ukiwa katikati ya zile bustani nzuri za chai, jina la Meinertzhagen halitajwi kwa mzaha.

Sisi wa pwani naye alitugusa. Novemba 1914, Waingereza walipoleta jeshi kutoka India kuiteka Tanga, alikuwapo kama afisa wa ujasusi. Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck waliwashinda vibaya sana, na wazee wa Tanga walisimulia jinsi nyuki nao walivyoingia vitani. Baadaye alikwenda Palestina, akapata sifa ya kuwadanganya Waturuki kwa kuangusha mkoba wenye karatasi za uongo. Siku hizi wanahistoria wengi wanaona kwamba hata sehemu yake katika kisa kile aliikuza mwenyewe. Uwe nalo hilo moyoni, maana tabia ya kukuza ndiyo itakayorudi.

Vita vilipokwisha aliufanya ulimwengu wa ndege kuwa kazi yake. Wakati ule mtaalamu wa ndege alikuwa mtu wa bunduki. Ndege alipigwa, akachunwa, ngozi ikajazwa pamba, kisha mguuni akafungiwa kibandiko: jina la ndege, mahali, tarehe, na aliyempata. Kile kibandiko ndicho chenye thamani. Ngozi bila kibandiko ni manyoya tu. Kibandiko ndicho kinachomwambia mtu wa miaka mia ijayo kwamba ndege huyu aliishi hapa, msimu huu, katika msitu huu.

Mwaka 1919 makumbusho ya London yalimzuia kuingia chumba cha ndege kwa miezi 18, kwa sababu alikuwa akitoka na vielelezo bila ruhusa. Bwana mkubwa mmoja, Walter Rothschild, akamwombea, akarudishwa. Msomaji, simama hapa kidogo. Watu walijua. Lakini mtu mwenye jina na mali ni vigumu kufungiwa mlango muda mrefu.

Mkewe wa pili, Anne Jackson, alikuwa mwenyewe mtaalamu wa ndege wa kuheshimika. Mwaka 1928 alikufa kwa risasi huko Scotland, na ikaamuliwa ni ajali. Maneno yalisemwa na yanasemwa. Mimi sikuwapo, na mambo ya kaburi namwachia Mwenyezi Mungu.

Sifa zake zikapanda. Aliandika juu ya ndege wa Misri, akaandika kitabu kikubwa juu ya ndege wa Arabuni mwaka 1954. Mwaka huo huo wa 1954 akatoa zawadi yake: ngozi za ndege zipatazo 20,000, akaikabidhi makumbusho ya taifa la Uingereza. Kabla ya hapo alikuwa ametoa mkusanyiko mkubwa wa chawa wa ndege. Mwaka 1957 serikali ikamtunukia nishani kwa utumishi wake katika elimu ya ndege. Alikufa London Juni 1967, mwenye umri wa miaka 89, akihesabiwa miongoni mwa wahisani wakubwa wa ndege wa karne ile.

Tuna methali kwamba njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu ilikuwa ndefu. Minong'ono ilikuwapo tangu zamani, lakini ni 1993 ambapo mtaalamu mmoja, Alan Knox, alichunguza ndege wadogo katika zawadi ile akaona mambo hayalingani. Kisha Pamela Rasmussen wa Marekani na Robert Prys-Jones wa makumbusho yenyewe wakaanza kuwapitia ndege wale mmoja mmoja. Walipiga picha za eksirei. Walitazama namna ngozi ilivyoshonwa, pamba iliyotumika, namna mbawa zilivyofungwa, kwa sababu kila mkusanyaji ana mkono wake kama vile kila fundi wa kanzu ana mshono wake. Wakakuta ndege kwa mamia walioshonwa na watu wengine kabisa, miongo kadhaa kabla. Meinertzhagen alikuwa amewachukua kutoka makumbusho mbalimbali, akang'oa vibandiko vya kweli, akafunga vyake vyenye mahali na tarehe za uongo. Wengine aliwaiba kutoka makumbusho yale yale ya London. Kwa maneno mengine, aliiba ndani ya nyumba, kisha akarudi mlango wa mbele na bahasha, akaizawadia nyumba mali yake mwenyewe, na nyumba ikampigia makofi.

Sasa utaniuliza, ubaya uko wapi ikiwa ndege wamerudi kwao? Ubaya ni huu. Kuna bundi mdogo wa misitu ya India aliyekuwa haonekani tangu 1884. Kila mtu aliyetaka kumwokoa alitazama vibandiko ili ajue aende wapi. Kibandiko kimoja, cha Meinertzhagen, kilisema kwamba alimpata mwaka 1914 huko Gujarat. Kilikuwa cha uongo. Bundi yule alikuwa wa mkusanyaji mwingine wa karne ya 19, aliyeibwa na kushonwa upya. Kwa miaka mingi kumbukumbu ile iliwaelekeza watafutaji pasipo na ndege. Rasmussen alipogundua udanganyifu, aliitupa kando, yeye na wenzake wakafuata vibandiko vya kweli, na Novemba 1997 wakamwona bundi akiwa hai katika misitu ya Maharashtra. Alikuwa hajaonekana na wataalamu kwa miaka 113. Fikiria misitu mingapi inaweza kukatwa katika muda huo huku wenye nia njema wakitafuta upande usio.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba sadaka ya uongo haiishii kuwa haina thawabu. Inaendelea kudhuru baada ya mtoaji kuzikwa. Tunasema wema hauozi. Na udanganyifu ukitiwa dawa na pamba nao hauozi haraka.

Yupo mtu mwingine ambaye lazima nimtaje, kwa sababu Mungu aliwakutanisha wawili hawa. Mwaka 1937 Meinertzhagen alisafiri kwenda Afghanistan kutafuta ndege, na katika safari ile alikuwapo Mwislamu mmoja, Mbohora wa Bombay, jina lake Sálim Ali. Huyu alizaliwa mwaka 1896, kitinda mimba wa watoto kumi, akawa yatima wa baba na mama akiwa bado mtoto mdogo, akalelewa na mjomba. Alipokuwa mdogo alimpiga shomoro kwa bunduki ya upepo, akaona koo lake lina rangi ya njano, na swali la shomoro yule likamfungulia mlango wa maisha. Hakuwa na jumba wala benki. Alitembea India nzima akihesabu ndege, akaandika vitabu ambavyo mtu wa kawaida anaweza kuvisoma, akasaidia kuokoa mabwawa ya ndege ya Bharatpur. Katikati ya miaka ya 1970, alipokuwa mzee wa karibu miaka themanini, alipewa tuzo ya kimataifa yenye fedha nyingi. Fedha zile akaziweka kuwa mtaji wa mfuko wa kuhifadhi maumbile, ili wengine wafanye kazi baada yake. Alikufa mwaka 1987. Vibandiko vyake hakuna aliyelazimika kuvipiga eksirei.

Katika dini yetu haya si mageni. Tumefundishwa kwamba Mwenyezi Mungu ni mwema na hapokei ila kilicho chema. Tumefundishwa kwamba mwenye kupanda mti, akala humo mtu au mnyama au ndege, imeandikwa kwake sadaka. Na imepokewa kwamba safarini maswahaba walichukua makinda ya ndege, mama yao akaja anapigapiga mbawa kwa uchungu, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akaamuru makinda yarudishwe kwa mama yao. Angalia amri yenyewe. Hakusema atafutiwe ndege yule zawadi nyingine. Alisema kilichochukuliwa kirudishwe.

Kwa hiyo tulipokutana kwenye kamati Jumapili iliyopita, mimi katibu nilitoa rai yangu. Nilisema huyu bwana tusimtukane wala tusimfungie mlango wa toba, maana hatujui ya moyoni mwake. Lakini kabla ya hundi na bango, tumwombe jambo moja: auondoe ukuta ule sehemu inayozuia maji ya bahari kuingia kwenye kile kipande cha mikoko kilichobaki. Maji yakirudi, mikoko itarudi hata bila miche, na ndege watajua njia wenyewe. Akikubali hilo, nitalishika bango kwa mikono yangu miwili. Akikataa, basi tutakuwa tumejua sadaka ile ilikuwa ya nani.

Haikuwa kura rahisi. Mwenyekiti wetu, mtu ninayemheshimu kama baba, alinikumbusha kwamba walinzi wetu hawajalipwa miezi miwili na kwamba historia ya Wazungu hailipi posho. Ana haki. Rai yangu ilipita kwa kura moja tu, na baadhi ya wenzangu hawajaniamkua vizuri tangu siku ile. Barua imekwenda. Jibu bado.

Huku tukingoja tumeanza mchango wetu. Ni shilingi 50 kwa nyumba kila Ijumaa, na daftari liko wazi dukani, yeyote asome nani kalipa na pesa imekwenda wapi. Hilo daftari ndilo kibandiko chetu. Nawe msomaji, huna lazima ya kuja kwetu. Ukiwa Watamu au Gede, vipo vikundi vya Mida na vya msitu wa Arabuko-Sokoke. Chama cha Nature Kenya, ambacho mizizi yake ni ya 1909, kinapokea wanachama wa kawaida. Popote utakapotoa uliza mambo mawili: pesa hii imetoka wapi, na inakwenda wapi. Kisha jiulize la tatu, la siri: ningetoa kama jina langu lisingeandikwa?

Jana jioni nilipita ufuoni baada ya Alasiri. Maji yalikuwa yametoka, na wale ndege weupe wenye migongo myeusi, wala kaa, ambao huzaliana pwani za Arabuni na kuja kwetu kama jamaa zetu wa Maskati, walikuwa wameshuka kwenye matope. Niliwahesabu kumi na mmoja. Nimewaandika kwenye daftari pamoja na tarehe na mahali. Alhamdulillahi, ni wachache, lakini ni wa kweli.